Biri ya Havana: Maneno Yake na Watu Walioyatunga

Neno tumbaku limekuwa letu kiasi kwamba hakuna anayeuliza lilikotoka. Mswahili husema tumbaku, Mganda husema taaba, Mnyarwanda na Mrundi husema itabi, na kila mmoja hudhani kuwa neno hilo ni urithi wa babu zake. Wataalamu wengi wa lugha wanakubaliana kwamba maneno hayo yote ni matawi ya shina moja, na kwamba shina hilo lilimea katika visiwa vya Karibi, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, vinywani mwa watu walioitwa Wataino. Wahispania walilisikia wakaliandika tabaco. Kutoka kwao likapita kwa Waturuki, Waajemi na Waarabu, kila taifa likilinyoosha kwa matamshi yake, hata likatua katika pwani yetu na kupanda bara pamoja na misafara ya biashara. Wataino wenyewe, katika muda mfupi baada ya kufikiwa na Wahispania, waliangamia kwa wingi wa kutisha: kwa maradhi, kwa kazi ya shokoa na kwa upanga. Neno lao linatamkwa leo katika kila soko la Afrika Mashariki.

Nimelianza somo letu kwa neno moja kwa sababu somo lenyewe linahusu maneno. Nataka tuitazame biri, hasa ile ya Cuba, na msamiati wa watu wanaoitengeneza. Wengi huandika juu ya biri kwa ajili ya tajiri anayeivuta: ashike vipi, akate wapi, aiweke kwenye sanduku gani. Mimi nitamwacha tajiri huyo kando kwa sehemu kubwa. Msamiati wa biri haukutungwa naye. Ulitungwa na wafanyakazi wa mikono, na ukiusoma kwa makini utakuta ndani yake habari ya haki ambayo wafanyakazi hao waliidai, wakaipata, wakanyang'anywa, wakaipata tena.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Biri ni neno lililotufikia kutoka Bara Hindi, na huko lina maana ya tumbaku kidogo iliyofungwa ndani ya jani la mti mwingine na kukazwa kwa uzi. Kiswahili kimelipanua likabeba pia ile tumbaku nene ya kusokotwa inayojulikana Ulaya na Marekani, na hiyo ndiyo maana nitakayoitumia hapa. Liko katika ngeli ya I-ZI: biri imesokotwa, biri zimesokotwa. Sigara ni kile kijiti chembamba cha tumbaku iliyokatwakatwa na kuviringishwa katika karatasi. Jambo la kupendeza ni kwamba Wacuba nao wana mgawanyo kama wetu: kwao cigarro ni sigara ya karatasi, na biri huitwa tabaco, kana kwamba nyinginezo zote si tumbaku hasa. Mahali pengine wasemaji wa Kihispania huiita biri puro, yaani safi, kwa kuwa haina karatasi wala kitu kingine. Kuanzia nje hadi ndani ni jani juu ya jani.

Usafi huo, hata hivyo, ni wa lugha tu. Nakuandikia wewe mwanafunzi, na sitaki usome makala hii ukadhani kwamba biri ni sigara iliyostaarabika. Moshi wake una sumu zilezile. Husababisha saratani ya kinywa, ya koo na ya umio hata kwa mtu asiyeuvuta hadi mapafuni, na biri moja kubwa huweza kuwa na tumbaku ya kutosha pakiti nzima ya sigara. Mvunaji wa majani mabichi naye haponi, maana nikotini hupenya kwenye ngozi iliyolowa umande ikamletea kichefuchefu na kizunguzungu. Hapa Uganda, Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya umri wa miaka 21. Kwa hiyo tutaisoma biri kama tunavyosoma habari za pembe za ndovu au za karafuu: bidhaa ambayo imebeba historia ya watu.

Sasa tuifungue. Biri ya daraja la juu ina sehemu tatu. Nje kabisa kuna jani moja laini, lisilo na tundu wala kovu, linaloipa biri sura yake na sehemu kubwa ya ladha yake. Msokotaji wa Cuba huliita capa, yaani joho. Chini yake kuna jani la pili, gumu na lenye nguvu, linaloshika umbo. Hilo ni capote, vazi zito kama la askari wa zamu ya usiku. Mwanafunzi mwenye sikio zuri atashtuka hapa, kwa maana sisi nasi tuna kabuti, koti kubwa la baridi, na kabuti ina nasaba na capote. Ni neno lililosafiri na mabaharia na askari hadi likatufikia. Ndani kabisa kuna majani yaliyokunjwa kwa urefu, nayo huitwa tripa. Maana yake ni utumbo.

Biri, basi, ni mtu. Ina utumbo, imevaa kabuti, na juu ya kabuti imevaa joho. Ncha inayoingia kinywani ni cabeza, kichwa. Kipande kidogo cha jani kinachofunika kichwa hicho ni gorro, kofia. Ncha inayowashwa moto ni pie, mguu. Kiunoni huvishwa anilla, pete ya karatasi yenye jina la kiwanda. Waingereza walipoyatafsiri maneno ya sehemu zile tatu walipata maneno ya mpakiaji wa mizigo: kinachofunika, kinachofunga, kinachojaza. Ni maneno sahihi, na hayana uhai wowote. Mtu anayekaa saa nane kwa siku akikunja kitu mikononi mwake ndiye anayeweza kukiona kina kichwa na mguu. Ikiwa siku moja utaombwa kuyatafsiri maneno haya, nakusihi upite Havana kabla ya kupita London: joho, kabuti, utumbo. Kiswahili kinayapokea bila taabu.

Utumbo nao una aina zake, kulingana na mahali jani lilipoota katika mmea. Majani ya chini, volado, huungua vizuri na hayana ukali. Ya katikati, seco, yaani kavu, yana harufu nzuri. Ya juu, yaliyopigwa na jua kuliko mengine, ni mazito, huungua polepole na ndiyo makali zaidi. Nayo, kwa kichekesho cha lugha, huitwa ligero, yaani jepesi. Ustadi wa kiwanda umo katika kuyachanganya hayo kwa kipimo kisichobadilika mwaka hadi mwaka.

Mkulima wa Vuelta Abajo, wilaya ya udongo mwekundu katika mkoa wa Pinar del Río magharibi mwa Cuba, hutunza mashamba mawili tofauti. Mmea wa joho hukuzwa chini ya mahema ya kitambaa chepesi, ili jua lisilikomaze jani na kulifanya nene. Mmea wa utumbo huachwa juani. Baada ya mavuno majani hutungwa kwenye fito na kuanikwa katika banda refu, ambalo wakulima wenzetu wa Tabora wangeliita bani. Tofauti ni kwamba bani la Tabora hupashwa moto wa kuni, na misitu ya miombo inaujua vizuri moto huo. Banda la Cuba huachia hewa tu, kwa takriban siku 50, hadi jani la kijani ligeuke manjano na kisha kahawia. Hapo majani hurundikwa yakachachuka kwa joto lao wenyewe, yakitoa amonia yenye kuwasha macho. Rangi inayobaki ina jina lake: claro ni angavu, colorado ni nyekundu, maduro ni iliyoiva, oscuro ni ya giza. Afrika nayo ina nafasi yake katika orodha hii. Mashariki mwa Kameruni, kuelekea mpaka wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, hulimwa jani la joho linalosifiwa sana na viwanda vya Jamhuri ya Dominika na Nikaragua. Mvutaji wa New York aghalabu hulijua kama jina la ladha tu, wala hajiulizi ni mikono ya nani iliyolichuma.

Kabla ya kusokotwa, jani hutolewa mshipa wake wa kati. Kazi hiyo Cuba ilikuwa ya wanawake, ambao walikaa na kuyalaza majani mapajani mwao. Kutokana na hilo wasafiri wa Ulaya walizusha uongo wao mashuhuri, kwamba biri husokotwa juu ya mapaja ya wanawali. Biri husokotwa juu ya ubao, na kwa muda mrefu wasokotaji wa Havana walikuwa zaidi wanaume. Msokotaji huitwa torcedor, kutokana na kitenzi chenye maana hasa ya kusokota, na hapa Kiswahili kinalingana na Kihispania kama kidole na pete. Jihadhari tu na neno msokoto, kwani waandishi wa habari za mahakamani wamelitaja pamoja na bangi mara nyingi mno, hata limepoteza heshima yake. Chombo chake ni chaveta, kisu bapa kisicho na mpini, chenye makali yaliyopinda. Kwa chaveta hiyo hukata joho, husawazisha mguu, hubana na kulainisha. Msokotaji stadi hukamilisha biri takriban 100 kwa siku, pungufu kama ni kubwa.

Ukubwa na umbo huitwa vitola. Unene hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi, kwa hiyo biri ya kipimo cha 64 ina kipenyo cha inchi moja kamili. Robusto ina kipimo cha 50 na urefu wa milimita 124. Corona ni nyembamba zaidi, 42, na urefu wa milimita 142. Churchill ina 47 na milimita 178. Hayo yanatosha kwa vipimo. Jina la Churchill tutakutana nalo tena.

Chumba cha wasokotaji huitwa galera, na neno hili linapaswa kutusimamisha. Katika Kihispania galera ni merikebu iliyovutwa kwa makasia na wafungwa, na ni chumba kikubwa cha jela vilevile. Tumbaku ilisokotwa na wafungwa katika jela za Havana, na wafanyakazi huru walipokalishwa kwa safu katika ukumbi wa kiwanda, jina la jela liliwafuata. Tazama hali yao katikati ya karne ya 19. Cuba ilikuwa koloni la Hispania na nchi ya watumwa; utumwa haukukomeshwa huko hadi mwaka 1886. Katika viwanda vya tumbaku waliketi Wacuba weupe na weusi, wahamiaji kutoka Hispania na vibarua wa mkataba kutoka China. Wengi hawakujua kusoma. Kazi yao iliwashika mikono na macho kutwa nzima, ikayaacha masikio bila la kufanya.

Mwaka 1865 msokotaji mmoja aliyekuwa pia mshairi, Saturnino Martínez, alianzisha gazeti la wafanyakazi lililoitwa La Aurora, yaani Mapambazuko. Mwezi Desemba mwaka huohuo, katika kiwanda cha El Fígaro mjini Havana, wafanyakazi walikubaliana juu ya jambo ambalo halikuwa na mfano katika viwanda vya wakati ule. Mmoja wao angeacha kusokota na kuwasomea wenzake kwa sauti, nao wangechanga kutoka katika ujira wao kumlipa kwa kazi aliyoiacha. Mwezi Januari 1866 kiwanda cha Jaime Partagás kikafuata. Msomaji huyo aliitwa lector, na baadaye alijengewa jukwaa katikati ya galera ili sauti yake ifike pembe zote, bila kipaza sauti, juu ya vikohozi na migongano ya visu.

Naomba uzingatie mfumo wa malipo, kwa sababu humo ndimo lilimokuwa jambo lenyewe. Msokotaji alilipwa kwa idadi ya biri, wala si kwa saa. Mwenye kiwanda hakupoteza hata senti moja kwa usomaji ule. Pengine alifaidika, maana watu waliosikiliza hawakupiga soga. Na kwa kuwa msomaji alilipwa na wafanyakazi, wao ndio walioamua asome nini. Walimchagua kwa kumsikiliza, kama tunavyomsikiliza imamu au mwimbaji kabla ya kumkubali. Riwaya walizipigia kura. Asubuhi zilisomwa habari za magazeti. Baadaye Cervantes, Dumas, Victor Hugo, Zola. Mtu asiyejua kuandika jina lake aliweza kubishana juu ya tendo la mhusika wa riwaya ya Kifaransa, na alibishana kweli. Nyayo za usomaji huo zimebaki katika majina ya biri zenyewe: iko Romeo y Julieta, jina la tamthilia ya Shakespeare, na iko Montecristo ya mwaka 1935, ambayo inaelezwa kuwa ilipewa jina la riwaya ya Dumas kwa jinsi wasokotaji walivyoipenda. Shakespeare alitufikia sisi kwa kalamu ya Mwalimu Nyerere. Wao aliwafikia kwa mdomo wa mwenzao, huku mikono ikisokota.

Serikali ya kikoloni haikuchelewa kuelewa. Mwezi Mei 1866, miezi michache tu baada ya kuanza, ilitolewa amri ya kupiga marufuku kuwashughulisha wafanyakazi wa viwandani kwa usomaji wa vitabu na magazeti au kwa mijadala isiyohusu kazi yao. Isome amri hiyo kama raia. Haikusema kwamba vitabu fulani ni vya uchochezi. Iliogopa kusikiliza kwenyewe, kusikiliza kwa pamoja, kwa watu waliokwisha kuzoea kuchagua watakachosikia. Wakati huo serikali haikuwa na vita mikononi. Vita vilikuja miaka miwili baadaye, mwaka 1868, vikadumu miaka kumi.

Vita hivyo vya kwanza vya uhuru viliwatawanya wasokotaji. Maelfu walivuka mlango wa bahari hadi Key West, kisiwa cha Marekani kilicho kilomita 150 hivi kutoka Cuba, na baada ya 1885 wengi wakahamia Tampa, katika mtaa uliojengwa na mwenye kiwanda Vicente Martínez Ybor, unaoitwa Ybor City hadi leo. Walihama na chaveta zao, na walihama na msomaji wao. Huko hapakuwa na amri ya kumnyamazisha. Kwa hiyo kile ambacho Hispania ilikizima Havana kilinawiri katika ardhi ya jirani, kikageuka shule ya siasa.

Hapo ndipo anapoingia José Martí, mshairi na mwandishi, aliyekuwa akiishi uhamishoni New York. Mwezi Novemba 1891 alialikwa Tampa akahutubia Wacuba wa viwanda vya biri, na mwaka uliofuata chama chake, Partido Revolucionario Cubano, kikaanzishwa kwa nguvu ya watu hao. Wasokotaji walitoa sehemu ya ujira wao kununulia silaha. Walikuwa wamezoea kuchangia msomaji. Sasa walichangia nchi. Iko picha mashuhuri ya Martí akiwa amesimama na umati kwenye ngazi za chuma za kiwanda cha Ybor. Alipokuwa Tampa alitunzwa nyumbani kwa Paulina Pedroso, mwanamke Mcuba mweusi, na mahali ilipokuwa nyumba hiyo leo pana bustani ndogo yenye jina la Martí.

Tarehe 29 Januari 1895, Martí na wenzake walitia saini mjini New York amri ya kuanza vita. Inasimuliwa kwamba amri hiyo ilipelekwa Tampa, ikafichwa ndani ya biri na kusokotwa kwa ustadi pamoja na biri nyingine zinazofanana nayo, kisha ikavushwa hadi Havana kwa Juan Gualberto Gómez. Huyu alikuwa mwandishi mweusi, mwana wa watumwa, ambaye wazazi wake walimnunulia uhuru akiwa bado tumboni mwa mama yake. Kama mambo yalikwenda hivyo kwa kila kipengele au yamepambwa na wasimulizi, hilo halipunguzi uzito wa jambo lisilo na ubishi: vita vilianza tarehe 24 Februari 1895, na fedha za wasokotaji zilikuwamo ndani yake. Martí mwenyewe aliuawa vitani tarehe 19 Mei mwaka huohuo.

Miezi sita baadaye afisa kijana wa Kiingereza aliwasili Cuba kutazama vita, akifuatana na jeshi la Hispania. Alitimiza umri wa miaka ishirini na mmoja akiwa huko, na huko aliizoea biri ambayo hakuiacha hadi uzeeni. Ni Winston Churchill. Kwa hiyo mtu aliyeandamana na jeshi lililopigana na wapiganaji wa wasokotaji ndiye ambaye vitola imepewa jina lake, na hakuna vitola mashuhuri yenye jina la Paulina Pedroso. Sisemi kwamba majina ya bidhaa ni lazima yawe na haki. Nasema tu kwamba yanafaa kuhojiwa kama tunavyohoji majina ya barabara na maziwa yetu.

Hispania iliondoka mwaka 1898, Marekani ikaingia, na uhuru wa Cuba ukawa na mashaka yake ambayo yanahitaji makala nyingine. Turudi Tampa. Msomaji aliendelea kupanda jukwaani kwa miongo mingi, akilipwa na wasikilizaji wake. Mwishoni mwa mwaka 1931, katika dhiki kubwa ya uchumi, wenye viwanda waliamua kwamba imetosha. Walidai kuwa wasomaji wanaeneza maneno ya kikomunisti, wakayabomoa majukwaa. Wafanyakazi waligoma. Viwanda vilifungwa, kisha vikafunguliwa tena pasipo wasomaji. Mahali pa jukwaa pakawekwa redio, na redio haichaguliwi kwa kura wala haiulizwi swali. Mmoja wa wasomaji wa Tampa, Victoriano Manteiga, alikuwa amekwisha kuanzisha gazeti lake mwaka 1922, La Gaceta, nalo linachapishwa hata sasa.

Ona mfuatano huo: mwaka 1866 serikali ya kifalme, mwaka 1931 matajiri wa nchi huru. Waliomnyamazisha msomaji walikuwa watu wa aina mbili tofauti kabisa, na sababu waliyoitoa ilikuwa karibu moja.

Nchini Cuba msomaji alidumu. Baada ya mapinduzi ya 1959, serikali ya Fidel Castro ilivitaifisha viwanda mwaka 1960. Wenye majina ya biri walikimbilia ng'ambo na kufungua upya huko, na ndiyo sababu leo majina kadhaa mashuhuri yana biri mbili zisizohusiana, moja ya Cuba na nyingine ya Jamhuri ya Dominika. Mwezi Februari 1962 Rais John Kennedy alitia saini marufuku ya biashara na Cuba. Msemaji wake, Pierre Salinger, alieleza baadaye kwamba siku moja kabla ya hapo rais alimtuma amtafutie biri za Cuba, akapata 1,200. Sheria hufika kwa wakubwa ikiwa imechelewa kidogo.

Na kwa kuwa ukurasa huu ni wa nchi jirani, sitamruka mtu mmoja ambaye picha zake akiwa na biri mdomoni zimezagaa duniani. Ernesto Che Guevara alikuwa waziri wa viwanda wa Cuba. Mwezi Aprili 1965 alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi Kongo kuwasaidia wapiganaji wa mashariki mwa nchi hiyo, akakaa huko hadi Novemba, na safari hiyo haikufanikiwa. Wacuba walijipa majina ya siri kutokana na tarakimu za Kiswahili. Víctor Dreke akaitwa Moja, mwenzake José María Martínez Tamayo akaitwa Mbili, naye Che akaitwa Tatu. Ilikuwa karibu miaka 100 tangu usomaji wa El Fígaro, na safari hii Mcuba ndiye aliyekuwa akijifunza maneno ya kwetu.

Mwaka 2012 Cuba iliutangaza usomaji wa viwandani kuwa sehemu ya urithi wa utamaduni wa taifa. Msomaji bado hupanda jukwaani, siku hizi akiwa na kipaza sauti, na mara nyingi ni mwanamke. Huanza na gazeti la siku. Baadaye hufungua riwaya waliyoichagua wasikilizaji, na huacha pale penye mashaka ili kesho watu wafike mapema. Sura ikiwapendeza hawapigi makofi, maana mikono imeshika majani. Hugonga chaveta juu ya mbao zao, galera nzima kwa pamoja. Isipowapendeza, huziangusha chaveta sakafuni.